Volume kuwa Full si ugonjwa: bosi wangu alivyofuta harusi ya watu

Wakuu, salaam nyingi kutoka Ukunda. Haya yamenitokea mwenyewe na sijatia chumvi. Nina hasira, mnivumilie.

Nafanya kazi studio ya video za harusi, na backup, yaani nakala za akiba, naishughulikia mimi.

Huku kwetu usiku wa wanawake hurekodiwa na wanawake peke yao, maana ndani mabuibui huvuliwa. Video hizo mwanamume hafungui, hata bosi. Nikimaliza kuzihariri mimi mwanamke, backup inaziweka kwenye volume ya peke yake.

Kwa wasiojua, volume ni kama kontena la data, na kila moja ina status yake. Append, bado inapokea. Full, imejaa, haiandikwi tena, data imetulia humo salama. Purged, programu imeruhusiwa kusahau kilichomo na kuandika juu yake. Hiyo ndiyo ya kuogopa!

Basi nikaenda Kinango kwenye matanga ya shangazi.

Nyuma huku bosi, Salim, akaona disk inaelekea kujaa. Akafungua programu, akakuta volume ya wanawake imeandikwa Full, akadhani ndiyo tatizo. Mtu mwingine angefungua aone mna nini. Yeye akaona haya kutazama wake za watu.

Haya nzuri kabisa. Lakini haikumzuia kubadilisha status kuwa Purged! Simu yangu ilikuwa hewani, wakuu. Hakupiga.

Backup iliyofuata ikachukua volume ile ile na kuandika juu yake tangazo la hoteli. Kwenye kompyuta ya kuhariri video zenyewe tulikuwa tumeshazifuta kupisha kazi mpya.

Juzijuzi akaja Mwanaisha, bibi harusi wetu wa mwaka jana kutoka Bodo. Flash tuliyompa iliharibika, anataka nakala. Mamake amefariki. Marehemu hakuwa akikubali kupigwa picha, ila usiku ule alicheza mbele ya kamera akicheka.

Bosi akaninong'oneza, "Mwambie mashine imekufa."

Nilichemka. Nikamweleza dada wa watu ukweli wote, bosi amesimama pale pale.

Mwanaisha akamgeukia. "Ulistahi kumtazama mamangu, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Na kuuliza nako ulikustahi?"

Bosi akawa anapangusa kamera ambayo haikuwa na vumbi.

"Hata sauti yake haikubaki?" akaniuliza mimi.

Nikamwambia haikubaki.

Kwa hiyo nyinyi wenye kubonyeza msichokijua: Full iacheni ilivyo! Nafasi ikiisha ongezeni disk. Na status usiyoielewa, muulize anayeielewa kabla hujaigusa.

Kuna yeyote hapa aliyewahi kuokoa data kwenye volume iliyokwisha kuandikwa juu? Semeni, hata kama jibu ni hapana. Mwanaisha ameniachia namba yake, na kila siku ananiuliza kama nimepata chochote.