Uzito wa Mama Majini

Mama alipopata kiharusi akashindwa kusimama, tulianza kumwogesha ndani ya pipa la kuoshea kahawa. Msimu ulikuwa umekwisha, pipa halina kazi, na maji ya vuguvugu yakimfika kifuani alitulia kuliko kitandani. Mwenyewe alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Nikielea msinimwage," akasema. Kwetu Mbozi kahawa inayoelea huenguliwa, haichanganywi na ile nzuri.

Mama alikuwa mtu wa mwili. Akikaa kanisani benchi lililia, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Mimi nafundisha fizikia Tunduma. Kila Jumamosi nilikwenda nyumbani, na kazi yangu ilikuwa kumshika ndani ya maji na kumsugua mgongo. Kumtoa ilikuwa kazi ya mama mdogo, mdogo wake aliyekuwa akimuuguza, mwanamke wa shoka.

"Mama yako anakwisha," aliniambia siku moja jikoni. "Hujaona alivyokuwa mwepesi?"

"Ni maji hayo, mama mdogo."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Tundika jiwe kwenye mizani ya kuning'iniza, kisha lizamishe kwenye ndoo: mshale unarudi nyuma. Jiwe halijapungua hata chembe, ila maji yanalisukuma juu, yanalibebea sehemu ya uzito wake. Litoe, mshale unarudi pale pale.

"Mimi ndiye ninayemtoa, mwalimu," akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Nilimkasirikia. Niliona anamzika dada yake mzima mzima. Nilitaka mama apone, msimu ujao anifuate tena shambani kunisimanga kwamba nachuma kahawa mbichi. Kwa hiyo kila nilipomshika kwa mkono mmoja majini, nilijiambia ni maji, na nikarudi Tunduma na moyo uliotulia.

Jumamosi moja mama mdogo alikwenda msibani kijiji cha jirani, ikabidi nimtoe mwenyewe. Nikatanua miguu, nikapitisha mikono kwapani mwake, nikavuta pumzi, nikamwinua kwa nguvu za kumwinua mama ninayemjua. Akatoka majini. Nikangoja uzito urudi. Haukurudi. Nguvu zangu zenyewe zikanisukuma nyuma, nikaanguka kitako kwenye tope, mama kifuani pangu, maji yakituchuruzika sote wawili.

"Umeumia?" akaniuliza.

Nilimwambia hapana. Nikamfunga kanga kavu, nikamwinua tena, nikambeba. Toka uani mpaka kitandani kwake ni kupita jiko, kupanda ngazi na kukata sebule yote, na zamani hata kumshika mkono tu apande ngazi zile kulinitoa jasho. Nilifika naye kitandani nikiwa nalia, kwa sababu sikuwa nimehitaji kupumzika popote.