Baba Mkwe Aliazima Mkono Wangu

Mimi niliishia darasa la saba, lakini kuna siku niliingiza mkono ndani ya ng'ombe nikagusa kiumbe ambacho hakijaona jua, na kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba chenyewe kilinijibu.

Ng'ombe alikuwa wangu. Nilipojifungua binti yangu, baba mkwe alinipa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, ili mtoto akue na maziwa ya kwao. Baba mkwe alikuwa daktari wa mifugo jeshini. Ametibu mbwa wa doria na ng'ombe wa kambini mpaka akastaafu, akarudi huku Ilongero. Mzee wa nidhamu huyo, suruali ina mstari wa pasi hata akienda zizini. Lakini ndiye anayemchemshia mama mkwe chai kila asubuhi. Wanaume wenzake wakimtania kwamba amelishwa dawa, anawajibu kuwa miaka yote ya kambi alikunywa chai peke yake, imetosha.

Asubuhi ile mtamba alianza uchungu tukijiandaa kwenda kuvuna alizeti. Jua likapanda, kwato moja tu imechungulia, haisogei. Mume wangu alikuwa mjini. Baba mkwe akanawa, akajaribu, akautoa mkono. Vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, havikunjuki vizuri. Akasema taratibu kwamba tusipoupata mguu wa pili tutawapoteza wote wawili. Kisha akautazama mkono wangu, mwembamba.

Sasa, kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawasogeleani hivihivi. Namwamkia kwa mbali macho yakiwa chini, na anapokaa napita kwa kuzunguka. Nikasita. Mama mkwe, aliyekuwa ameshika kamba kule kichwani mwa ng'ombe, akanitazama.

"We mwanamke, ng'ombe hajui ukwe. Ingiza mkono."

Nikajisugua sabuni mpaka begani, nikajipaka na mafuta ya alizeti ya kupikia. Baba mkwe akasimama upande wa pili wa ng'ombe, akawa anapokea ripoti.

"Umegusa nini?"

"Kitu kinachokunjika, baba."

"Panda juu. Kiungo kinachofuata kinakunjika upande uleule, au kinyume?"

Nikapapasa. "Uleule."

"Basi ni ule mguu wa pili wa mbele, umejikunja. Vizuri, mwanangu. Sasa tafuta kichwa, mtie kidole mdomoni."

Nikatia. Hakuna kilichosogea. Halafu ulimi ukakizunguka kidole changu, ukanyonya. Mama mkwe anasema nilicheka huku machozi yananitoka, mimi sikumbuki. Nakumbuka joto lile, na kwamba mle gizani kulikuwa na mtu tayari ana njaa.

"Yuko hai, baba."

Akanielekeza. Ng'ombe akisukuma, nisubiri. Akiachia, nimrudishe ndama nyuma kidogo, niifunike kwato kwa kiganja isimchane mama yake, ndipo niuvute mguu. Mara mbili nilishindwa, mkono ukafa ganzi. Mara ya tatu mguu ukanyooka. Mimi na baba mkwe tukavuta, ndama akateleza mpaka chini.

Hapumui.

Baba mkwe akapiga magoti kwenye samadi na suruali yake ya pasi. Akamtekenya pua kwa unyasi, akamsugua mbavu kwa gunia, huku anamsemesha polepole, sauti ileile anayombembelezea binti yangu akigoma kula. Ndama akapiga chafya. Mama mkwe akaachia kamba, akakaa chini bila kuangalia anakaa wapi.

Mtamba akageuka, akaanza kumlamba mwanawe. Alipomaliza kichwa akanifikia na mimi, maana nilikuwa bado nimekaa palepale chini. Akaulamba mkono wangu kuanzia vidoleni kwenda juu, ulimi unakwaruza kama msasa. Nikataka kuuondoa.

"Tulia," baba mkwe akasema. "Anadhani na wewe umetoka humo. Mwache amalize."