Kaka Alikata Chuma cha Boti Yangu, Nami Nikanyamaza

Admin, jina langu libaki kwako, hapa niiteni Mama Eliza tu. Nina miaka 39, ni mjane mwenye mtoto mmoja, na nashona maturubai ya malori hapa Babati mjini. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo wale wa "samehe tu dada" naomba msome mpaka mwisho kwanza.

Kulikuwa na mzee wa Kizungu aliyeishi miaka mingi kando ya ziwa letu. Alikuwa na boti ya tanga, si mtumbwi, boti kamili ya kusafiria yenye kachumba ndani, vitanda viwili na jiko dogo. Masika moja dhoruba iliikamata, ikavunja mlingoti na kuitupa kwenye mawe, ubavu ukatoboka tundu la kupita mbuzi. Mzee alikuwa anarudi kwao, akaiuza kama ilivyo. Watu walikuja kuitazama, wakacheka, wakaondoka. Mimi nikaitamani. Niliona wageni wanaokuja kuangalia viboko wakipanda boti yangu, na Eliza wangu akisoma bila mimi kumpigia mtu magoti. Nikauza kiwanja changu cha Singe, nikainunua.

Nilipokwenda kuikagua, mzee aliinama akanionyesha pezi kubwa la chuma chini ya boti. Akaniambia, "Mama, hiki usikiguse. Tanga likijaa upepo, hiki ndicho kinachoizuia isipinduke." Nilikuwa peke yangu siku hiyo.

Siku ya kuandikishana nilikuwa msibani Mbulu, nikamtuma kaka yangu wa tumbo moja. Akaandikisha jina lake. Alisema mzee alikuwa na haraka, tutabadilisha baadaye. Nikaamini, mjinga mimi.

Mwaka mzima na nusu, kila nikitoka kazini nilikuwa kwenye ile boti. Fundi wa bampa za magari alinifundisha kubandika faiba kwa gundi. Nilipiga msasa mpaka vidole vikatoka damu. Nikasimamisha mlingoti mpya wa bomba. Ubavuni nikaandika jina la marehemu mama yetu. Kaka alikuja mara mbili tu, zote akiwa anatafuna mahindi ya kuchoma.

Boti ilipopendeza, ghafla ikawa yake. Nikapeleka malalamiko kwa baba, tukaitwa kikao. Baba akasema, "Karatasi ina jina la kaka yako. Na wewe ukiolewa tena, mali hii itakwenda ukoo gani? Mwachie, atakukumbuka." Kaka akacheka mbele ya wote: "Wewe shona maturubai, Mama Eliza. Mambo ya majini tuachie wanaume." Mwanaume mwenyewe hajawahi hata kuoga ziwani! Kesho yake akafuta jina la mama, akaandika la mke wake. Hilo sitalisahau mpaka nizikwe.

Sasa sikilizeni. Sisi watu wa huku tunajua mitumbwi, na mtumbwi chini ni bapa. Walipoisukuma boti majini ikakwama kwenye tope kwa sababu ya lile pezi. Kaka akamleta fundi wa kuchomelea, akapaza sauti: "Kata mzigo huo! Ng'ombe ukimfunga jiwe tumboni atatembea?" Watu wakamsifu kwa akili. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na neno langu mdomoni, nikalimeza. Nilirudi nyumbani nikapika, nikala nikashiba, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu siku ya kikao.

Chuma alikiuza skrepa. Nikakifuata, nikakinunua. Kiko nyuma ya nyumba yangu, nimekifunika turubai.

Wiki iliyopita kaka akaja dukani bila aibu. "Mama Eliza, nishonee tanga jipya. Liwe kubwa kuliko la zamani, tuende kasi. Jumamosi ya wiki ijayo tunazindua, mchungaji anakuja kuombea."

Nikamjibu, "Sawa kaka. Nitakushonea kubwa haswa."

Jamani, nimelishona kwa moyo wote. Sijawahi kufanya kazi safi namna hii. Kila mshono namwona akipinduka na suti yake mbele ya mchungaji na mke wake, anameza tope, kofia inaelea peke yake. Hata viboko nimewafikiria, sitawadanganya.

Jana mchana akaja baba, ameshika suruali ya suti kwenye mfuko.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipunguzie huku chini, isije ikalowa. Kaka yako amesema mimi ndiye wa kwanza kupanda, nitakaa mbele kabisa." Akatabasamu, meno yote mawili ya mbele hayapo. "Mama yenu angefurahi kuiona siku hii."

Nilitaka kumuuliza, jina la mama limefutwa na nani, na wewe ulikuwa wapi? Badala yake nikashika futi nikampima mguu. Umekonda. Baba amelima maisha yake yote milimani, hajui kuogelea, na ziwa si la kuchezea.

Nikimwambia asipande, atamweleza kaka kabla chai haijapoa. Nikimweleza kaka, atarudisha chuma, boti itasimama vizuri, na Jumamosi watu watampigia makofi kwa jasho langu. Nitarudi kushona maturubai kama alivyoniambia. Nikinyamaza, nitapata nilichokitamani, lakini aliyekaa mbele kabisa atakuwa baba yangu.

Suruali nimeshaipunguza na kuipiga pasi, imetundikwa hapa. Tanga liko kwenye cherehani, limebaki upindo mmoja. Jumamosi ni keshokutwa. Msinihubirie, ndugu zangu, nishaurini tu: nimalizie upindo huu, au nishike mkasi?