Maji ya Safari ya Mama Mkwe

Mke wangu huliita mke mwenza, kwa sababu linalala nje, linakula kuliko yeye, na kila likiguswa linadai kitu kipya. Ni gari la safari lenye nyumba ndani: kitanda nyuma, jiko katikati, choo cha kujibana ubavuni. Nililinunua kwa Mmarekani mmoja mzee aliyeapa kwamba hapunguzi hata senti. Alipunguza. Nilimhesabia kutu mbele yake, doa moja moja, kisha nikazunguka nikaanza upya kutoka upande wa pili.

Msimu wa baridi gari linalala kando ya nyumba yetu hapa Oxon Hill, Maryland. Kabla ya barafu unatoa maji yote, halafu unasukuma dawa ya rangi ya waridi ndani ya mabomba yasipasuke. Mwezi wa nne unafanya kinyume: unarudisha betri, unafukuza panya, unajaza tangi, unafungua kila bomba mpaka waridi liishe. Mafundi hutoza kazi hiyo kama vile maji wanayaleta wao. Mimi nilijifunza kwenye simu, kwa video za Mmarekani mwingine, bure.

Mwaka huu nilikuwa na sababu ya kuharakisha. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga, na dada yake mkubwa, mgonjwa, yuko Columbus, Ohio. Hawakuwa wameonana tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Kupanda ndege nyingine alikataa. Basi la abiria nalo alikataa. Magoti, alisema. Mke wangu akanivuta jikoni akanipa sababu yenyewe: Mama hawezi tena kuzuia haja ndogo, na haya yake ni kubwa kuliko hamu yake.

"Hili limetoka kwake likaja kwangu," akasema. "Lisitoke kwako likaenda popote."

"Liende wapi? Mimi kaburi."

Kwa hiyo gari ndilo lililokuwa jibu: choo hatua mbili kutoka alipokaa, tena chenye maji. Kwetu choo bila maji si choo, na nilikuwa nimekifunga mwenyewe mpira wa kuchambia. Lakini yule Mmarekani anayefundisha kwenye simu hautaji mpira huo, maana yeye ni mtu wa karatasi. Nami kabla ya baridi nilipitisha dawa kila alipotaja yeye, mpira wetu nikauacha na maji yake tumboni.

Jumamosi, tukitarajia kuondoka Jumatatu, nilifungua madirisha yote harufu ya panya itoke, nikashughulika na betri huko nyuma, kisha nikaingia nikawasha pampu. Yakatoka maji ya waridi, yakapauka, yakawa safi. Nilikuwa karibu kujipigia makofi niliposikia mvua chooni. Mpira umepasuka, na kiungio chake cha ukutani kimepasuka pia. Nikazima pampu, nikatoka nje nimelowa mpaka magotini, nikampigia fundi mmoja wa Laurel, Mkenya wa bara. Mikono ilikuwa inachuruzika, basi simu nikaiweka juu ya ngazi ya gari, sauti nje.

"Wikendi, bosi? Hiyo ni mia mbili."

"Mia mbili! Ndugu yangu, nataka kutengeneza choo, sikinunui."

"Basi ngoja Jumanne."

"Jumatatu tunasafiri."

"Mia na themanini. Hiyo ni bei ya urafiki."

"Urafiki wenu watu wa bara ni ghali."

Akacheka, lakini hakushuka. Hapo nikatupa karata ya mwisho, ile niliyokabidhiwa jikoni.

"Sikiliza. Si kwa ajili yangu, ni mama mkwe wangu. Mtu mzima, kibofu kimechoka. Juzi kalowesha godoro zima."

Hilo la godoro nililitia mwenyewe. Mtu wa soko hapeleki ukweli mtupu mnadani, lazima auongezee uzito kidogo.

Fundi akashusha sauti, akasema, "Aki pole. Hata mimi niko na shosho, nyanya yangu. Leta themanini, nakuja jioni."

Nikakata simu, nikahesabu nilichookoa. Nilikuwa naanza kuhesabu mara ya pili niliposikia kitanda cha nyuma kikilia.

Mama mkwe alikuwa amepanda nilipokuwa kwenye betri, kujaribu kama magoti yatakubali ngazi. Yalikubali, akajinyoosha nyuma ya pazia, na mimi sikuangalia. Akashuka kinyumenyume, ameshika mlango, khanga kichwani. Nikaiondoa simu asiikanyage. Hakunikwepa, wala hakunikazia macho.

"Pole na kazi, baba."

"Nishapoa, Mama."

"Godoro lake zuri," akasema. "Kavu kabisa."

Akaenda zake ndani.

Jioni fundi alikuja na kiungio cha shaba, akafanya kazi safi. Alipokuwa anaaga akamwona Mama mlangoni, akainama kwa adabu zote. "Shosho, usijali. Hata uende mara kumi, hicho choo hakitakuangusha."

"Mungu akulipe, mwanangu," Mama akamjibu.

Mke wangu akanigeukia. Alishajua neno la jikoni limetoka. Nikampa fundi mia na themanini.

"Si tulipatana themanini?"

"Chukua tu," nikamwambia. Ile mia ya ziada haikuninunulia kitu.

Jumatatu Mama alipanda wa kwanza. Mke wangu akammiminia chai kutoka kwenye chupa. Mama akaisukuma pole pole.

"Nimefunga."

"Mama, msafiri ana ruhusa ya kula."

"Naijua. Ni sunna ya Jumatatu, nimeipenda."

Mtu hawezi kubishana na sunna, hasa mtu kama mimi. Nilisimama milima ya Maryland, nikasimama tena tulipoingia Ohio. "Mama, tupumzike?" Kila mara alijibu vilevile: "Endesha, baba." Midomo yake ilikauka hadi nikaiona kwenye kioo.

Tulifika jua linazama. Dada yake alikuwa amewekwa kitini mlangoni, na wale wawili wakashikana. Adhana ilipolia kwenye simu, Mama alikunywa maji, gilasi baada ya gilasi, mkono mmoja haujamwachia dada yake. Nilitoka nje kuangalia matangi. La maji safi lilikuwa limejaa kama nilivyolijaza. La maji machafu tupu. Nikaangalia tena.

Niliporudi ndani nilichuchumaa karibu na kiti chake. Maneno ya kuomba radhi niliyapanga njia nzima, yakagoma. Nikaomba ninachojua kuomba.

"Mama, tukirudi, tuondoke Jumatano. Au hata Ijumaa, baada ya sala. Tutakwenda taratibu, tule njiani."

Akanipapasa bega kama mtu anayemwonea huruma mnunuzi.

"Alhamisi, baba," akasema. "Alhamisi nayo ni sunna."