Mikro Nne za Meza ya Heshima

Niliingia kamati ya wazazi kwa kosa la kuuliza swali. Ulikuwa mkutano wa kufungua mwaka, shuleni kwa binti yangu hapa Lubumbashi, nami nikauliza kwa nini kila mwaka tunakuja kutazama mchezo wa kuigiza wa watoto na tunarudi nyumbani bila kusikia hata neno. Mkuu wa shule, ambaye wote tunamwita préfet, alinishukuru kwa Kifaransa kirefu, kisha akaniweka kwenye tume ya kununua mikro, yaani vipaza sauti, zisizo na waya. Kwetu ndivyo wanavyomnyamazisha mtu: wanampa cheo. Lakini mimi ni muuza vitenge wa soko, na mdomo wangu haujui cheo.

Tena nilikuwa na haja yangu mwenyewe na zile mikro, wala sioni haya kuisema. Baba yangu alifanya kazi maisha yake yote kando ya mashine za kusaga mawe huko Kambove, na zile mashine zilimla masikio. Mume wangu alipofariki, mzee ndiye akawa kichwa cha nyumba. Mwaka huo binti yangu alikuwa anamaliza sekondari, ametimiza miaka kumi na minane, anataka kwenda chuo kikuu kusomea sheria. Na mzee alikuwa ameshampatia mchumba: mnunuzi wa madini wa Ruashi, mtu mwenye malori, nyumba ya ghorofa ambayo haijakwisha, na tumbo ambalo limekwisha zamani.

Binti hakumtaka. Lakini angemwambiaje kambo yake? Kambo, ndivyo sisi huku tunavyomwita babu. Ukisema naye kwa sauti ya adabu, hasikii. Ukisema kwa sauti anayoisikia, umemfokea mzee. Mimi nilijaribu. Nilipaza sauti nikamwambia mtoto hataki, na kesho yake baba zangu wadogo wakaja kunikalisha chini na kunitoza mbuzi kwa kumpigia baba yangu kelele. Mbuzi nilimtoa, na habari ya ndoa haikuguswa. Kuandika barua nako hakufai, maana mzee anasema mambo ya ndoa hayapiti kwenye karatasi. Basi mtoto alikaa na hapana yake mdomoni, na wageni wa posa walikuwa wamepangiwa kuja Jumapili, kesho yake baada ya mchezo.

Mchezo wenyewe waliutunga wanafunzi na mwalimu wao wa fasihi, kwa Kiswahili, ingawa préfet alilalamika kwamba Kiswahili hakina heshima mbele ya wageni. Ulikuwa juu ya baba anayemwoza binti yake kwa tajiri bila kumuuliza. Binti yangu ndiye aliyekuwa yule msichana, na sitasema ilitokea tu, maana aliiomba nafasi hiyo yeye mwenyewe. Kambo yake alikubali kuja kwa sharti moja.

"Nitasikia?" aliniuliza.

Nikaitika kwa kichwa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Jukwaani, na mikro karibu, mtoto anaweza kusema polepole, kwa adabu yote, na mzee akapata kila neno. Hapo hakuna baba mdogo atakayenidai mbuzi.

Tulikwenda mjini watu wanne: préfet, mkuu wa nidhamu, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na mimi. Muuzaji wa duka la vyombo vya muziki alituwekea aina mbili mezani. Moja ilikuwa mikro ndogo, ya kubana kwenye kola, na kisanduku chake cha kuvaa kiunoni. Nyingine ilikuwa kubwa, ya kushika mkononi, rangi ya dhahabu. Nikachukua ile ndogo nikaenda nayo mpaka mwisho wa duka, nikawapa mgongo, nikasema kwa sauti ya mtoto anayeomba ruhusa: unanisikia? Sauti ikatoka kwenye spika safi kabisa, kama nimesimama sikioni mwa mtu. Nilitaka kulia mle dukani. Nikarudi nikawaambia tuchukue hizi.

Préfet aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akasema haionekani. Nikamjibu kwamba mikro si ya kuonekana, ni ya kusikika. Akanieleza kwa uvumilivu mwingi kwamba mgeni akiingia ukumbini na asione mikro, atafikiri shule haikununua kitu. Mkuu wa nidhamu akaongeza kwamba hata kwenye picha haitatoka. Mwenyekiti wetu, ambaye alitumwa na wazazi kuwasemea wazazi, alikubaliana na wote wawili.

Kisha wakaanza kujaribu zile za dhahabu. Jamani, hakuna mwanaume wa mji huu anayeweza kushika mikro akasema neno moja tu. "Allô, allô, un, deux" ilikuwa mlango; nyuma yake zikaingia hotuba. Mwenyekiti aliwashukuru wazazi ambao hawakuwepo. Mkuu wa nidhamu aliwaonya wachelewaji, nao pia hawakuwepo. Zamu ya préfet ilipofika, muuzaji akagusa kifungo cha mwangwi, na "wazazi wapenzi" yake ikarudi mara tatu kutoka kila kona ya duka. Alifumba macho kwa utamu. Hapo nikajua tumekwisha.

Nilijaribu kusema kwamba kwa mwangwi maneno ya watoto yatakanyagana. Akasema mwangwi unaleta uzito. Nikasema basi angalau tuzipime kwa sauti ya mtoto. Ndipo aliponitangazia, akitabasamu, kwamba tusiwe wagumu, kwa sababu mikro zote nne zinalipwa na parrain, yaani mfadhili wa sherehe yetu, bwana mmoja mkarimu sana, mwenye malori, wa Ruashi. Nilikaa juu ya boksi la spika bila kukaribishwa. Mchumba mwenyewe! Alikuwa anatafuta pa kung'aa mbele ya mzee wangu, na shule ilikuwa imemfungulia lango na kumwekea kiti.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Nilimkalisha mzee mstari wa mbele, karibu na spika, amevaa suti aliyopewa na kampuni siku ya kustaafu. Pembeni mwa jukwaa palikuwa na meza ya heshima, kitambaa cheupe, maua ya plastiki, na zile mikro nne za dhahabu, moja mbele ya kila mheshimiwa: parrain, préfet, mwakilishi wa komini, yaani serikali ya mtaa, na mwenyekiti wetu. Hotuba zilipanda ngazi kwa cheo. Kila mmoja alianza kwa kutangaza kwamba itifaki yote imezingatiwa, kisha akaizingatia upya, mtu kwa mtu. Mzee alisikia kila kitu na alikuwa na furaha tele. Parrain aliposema kwamba masomo ya msichana ni mwanga wa taifa, na taifa likajirudia mara tatu, mzee alinipiga kiwiko nione jinsi mkwe wake anavyojua kusema.

Hotuba zilipokwisha, nikangoja mikro zipelekwe kwa watoto. Hazikuondoka mezani. Nikamfuata mkuu wa nidhamu, maana ndiye aliyepewa kazi ya itifaki, akaninong'oneza kwamba mikro ikishawekwa mbele ya mgeni haiondolewi. Ni sawa na kumwondolea mtu sahani kabla hajashiba. Pengine mheshimiwa atataka kuongeza neno. Na watoto je? Watoto walikuwa na mikro yao, akasema, akinionyesha ile ya zamani, ya waya, iliyosimamishwa kwenye kona ya jukwaa.

Basi tukatazama mchezo wa foleni. Mume na mke waliokuwa wakigombana ilibidi wapokezane kama watu wa bombani. Mume anakuja kwenye mikro, anatukana, anarudi kwenye kiti chake. Mke anasubiri apite, anakuja naye, anajibu. Hasira yote inaishia njiani. Wakati huo zile nne za mezani zilikuwa zimewashwa, hazina kazi. Mwakilishi wa komini alifungua soda, ukumbi mzima ukaisikia. Kisha simu ya parrain ikalia, naye akaipokea hapohapo, akauliza lori liko wapi, na ile "wapi" ikatuzunguka vichwani. Mvulana aliyeigiza baba, mwenye ndevu za pamba, alisimama kimya jukwaani mpaka lori lilipopatikana.

Halafu mtoto mmoja akakanyaga waya, na mikro ya zamani ikafa.

Ilikuwa zamu ya binti yangu. Yule baba wa ndevu za pamba alikuwa amemwambia tu, kwa kupiga kelele, kwamba kesho wageni wa posa wanakuja, ajiandae. Mtoto akafungua mdomo akajibu. Mimi niliyekaa mbele nilipata nusu ya maneno. Mzee akanigeukia, akauliza kwa ile sauti yao wasiosikia, inayofika mpaka barabarani:

"Iko nasema nini?"

Watu wakacheka. Nilimwona mtoto akijaribu tena, na sauti ni ileile. Amelelewa na mzee huyu, hajawahi kumpazia sauti, na hata katika mchezo koo lake halikukubali. Na kesho ni Jumapili. Hasira ilinipanda mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. Mikro nne zinakunywa soda, na mwanangu anaolewa kwa kukosa hata moja!

Nikainuka. Nilipita kwa fundi wa mitambo nikazima kile kifungo cha mwangwi, maana nilikiona dukani kilivyo. Kisha nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya heshima, mbele ya parrain, nikakunja goti kidogo, kwani adabu ninayo, nikasema "Pardon, papa," nikachukua mikro yake. Alibaki ameshika simu. Mkuu wa nidhamu alinyoosha mkono kunizuia, lakini mimi nimeshapigana na wezi wa vitenge wakubwa kuliko yeye. Nikapanda jukwaani nikampa mwanangu, nikashuka.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akamgeukia baba wa mchezo, akasema polepole, vile anavyosema nyumbani:

"Papa, sikatai neno yako. Naomba tu muniulize. Hakuna muntu aliniuliza."

Mzee alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio, kama kawaida yake. Kiganja kikashuka. Akaniuliza kama ni mtoto wetu ndiye anayesema hivyo, nikamwitikia. Akashika mgongo wa kiti, akasimama. Kama alisahau kwamba ule ni mchezo au hakusahau, mpaka leo sijui, na sijathubutu kuuliza.

"Bon," akasema, ukumbi wote ukageuka. "Mie nakuuliza. Ule bwana wa Ruashi, unamutaka?"

Hakuna aliyecheka. Pale mezani parrain alifungua mdomo, akapapasa kitambaa mbele yake, akakuta hana mikro. Préfet alianza kukohoa, nako kukohoa kwake tukakusikia vizuri sana. Binti yangu alimwacha baba wa ndevu za pamba, akasogea ukingoni mwa jukwaa mkabala na kambo yake, akapiga goti. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Hapana, kambo. Nataka kusoma."

Spika ilikuwa karibu na mzee. Alimtazama mjukuu wake, kisha akaitazama ile meza, kisha akanitazama mimi.

"Nimesikia," akasema, akakaa.

Nililia mbele za watu, wala sikujificha. Jumapili asubuhi mzee alituma ujumbe Ruashi kwamba wageni wasihangaike. Baba zangu wadogo walikutana, wakatafuta nani amemfokea nani, wakakosa.

Jumatatu dereva wa parrain alikuja shuleni kuzidai mikro. Préfet aliniita kwa haraka nije nione nilichokifanya; alikuwa amesimama uani kama mtu aliyefiwa, na mkuu wa nidhamu alikuwa akizifuta moja moja kwa leso kabla ya kuzirudisha kwenye maboksi. Nilisaidia kuyabeba mpaka kwenye gari. Dereva akauliza kama kuna ujumbe wowote kwa bosi wake.

"Umwambie aksanti sana," nikamwambia. "Zilifanya kazi muzuri kabisa."