Mama aligoma kula Osaka, nikadhani shida ni halali

Wakuu, habari za humu. Nasimulia kilivyotokea, sitii chumvi, na mwenye kosa kwenye kisa hiki ni mimi mwenyewe.

Nilikwenda Osaka kufuata spea za magari. Nikamchukua na mama, mtu wa Ngamiani, Tanga, hajawahi kupanda ndege.

Mama ana kisukari na dawa zake zinataka tumbo lenye chakula. Nikimrudisha Tanga mgonjwa, dada zangu wasingenielewa.

Siku ya kwanza akala mkate na chai kavu. Ya pili vivyo hivyo. Nikajua tu, ni mambo ya halali.

Basi nikashinda kwenye simu natafuta migahawa ya Waislamu. Nikapata, tena safi, wali na kuku. Mama akala vijiko viwili, akasema ameshiba.

Siku ya tatu mikono ikaanza kumtetemeka. Wakuu, niliogopa.

Nikampa juisi kupandisha sukari. Alipotulia nikamwingiza kwenye kimgahawa cha samaki karibu na gesti yetu, anapika mama mmoja wa Kijapani, mtu mzima. Tukaletewa kila mtu trei yake, wali na kibua wa kuchoma.

"Mama, huyu kachomwa kwa chumvi tu. Kula."

"Mwanangu, mie nile na nani? Wewe mwenzio simu."



Kwetu tunakula sinia moja tangu tuko wadogo. Baba alipofariki, mama akawa anakula na wajukuu. Mimi siku tatu namwekea sahani ya peke yake kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza, na bado najisifu namtunza.

Nikazima simu. Nikaomba sahani kubwa kwa ishara, nikachanganya wali wake na wangu, tukanawa, tukala kwa mkono. Yule mama wa Kijapani alitutazama kidogo, kisha akatuongezea wali bila kuombwa. Mama akamwambia, "Karibu, mwenzangu." Yule mama akainama.

Mama akaanza kuchambua miba, minofu anaisukuma upande wangu. Nina miaka arobaini na moja, ndevu ninazo.

"Kula na wewe, mama."

"Nakula. Wewe umekonda."

Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Alimaliza wali wote, akameza dawa.

Funzo langu: ukisafiri na mzazi, chakula kizuri mtafutie, lakini kaa mle naye.

Haya, wenye wazazi, mara ya mwisho mlikula nao sahani moja lini? Semeni ukweli, hachekwi mtu.