Pembe ya Kulia ya Ukurasa

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha uchapaji mjini Dodoma, Mhariri Mkuu alinikabidhi kalamu ya chuma na karatasi ya stensili, ile yenye nta, ambayo ukiikwaruza wino hupenya na nakala nyingi hutoka. Tulichapa nyimbo za kwaya kwa nota za herufi: d, r, m. Pembe ya juu kushoto ya ukurasa ilikuwa ya jina la mtunzi wa maneno. Ya kulia, ya mtunzi wa sauti.

Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na sauti iliyotungwa na mwanamke Mmarekani wa karne ya kumi na tisa, aliyetumia urithi wake kujenga shule za wasichana maskini.

"Jina lake usikosee hata herufi," Mhariri Mkuu alionya. "Mtu akijitoa hivyo, hafutwi."

Nilimwamini. Ndiyo maana hasira yangu haijapoa hadi leo.

Miaka miwili baadaye Mama Yudithi alifika kutoka Hombolo na wimbo wa sauti nne alioutunga mwenyewe. Mabati ya bweni la wasichana kijijini kwao yalinunuliwa kwa fedha za zabibu za shamba lake. Mhariri Mkuu aliupenda wimbo, kisha akaniagiza: "Kulia andika: Wimbo wa asili."

"Mzee, mtunzi amekaa hapo nje kwenye benchi."

"Huyo? Ameuokota ngomani. Mwanamke wa jembe atajulia wapi sauti nne? Kata stensili, acha ubishi."

Nilikata. Kwa mkono huu.

Mama Yudithi alipopewa nakala, aliitazama ile pembe ya kulia. "Mwanangu, huyu Asili ni nani? Anakaa Hombolo?"

Wenzangu walicheka. Mimi niliinamia meza. Baadaye nilihamishiwa bohari yetu ya vitabu huko Gulwe, kisha nikapanda cheo hadi kuwa mhariri, na katika kila toleo jipya la kitabu chenye wimbo ule nilisahihisha nukta na mikato tu. Msiniambie nyakati zilikuwa hivyo. Nyakati hazishiki kalamu.

Mwaka huu nimestaafu kwa hiari, nikiwa na miaka hamsini na mitano. Safari yangu ya kwanza ilikuwa Hombolo. Kwaya ya kijiji ilinitolea vitabu vyake vyote vya nyimbo, nikavibeba hadi kwa Mama Yudithi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa."

Niliandika jina lake kitabu baada ya kitabu, naye akifuatilia herufi kwa kidole. Cha mwisho alikishikilia.

"Sasa andika chini yake nani alinifuta."

Nikaanza kuandika jina la Mhariri Mkuu. Akaushika mkono wangu.

"Mwandiko wa huyo siujui. Huu naujua."

Nikaandika langu.